Sahihi ya Baba Mkwe

Kisegi
Jumatano, 17 Septemba 2025

Wifi yangu Bochaberi,

Usinicheke kwamba nakuandikia barua kama mtu wa zamani. Ningekupigia simu, lakini simu yako huiwekea loudspeaker juu ya mikungu ya ndizi, na soko zima la Rongo hunijibu kabla yako. Hili sitaki Rongo ilisikie. Barua hii nimempa Marion, anayeleta dagaa wa omena huko kila Alhamisi. Nijibu kwa mkono huohuo.

Askofu ametangaza siku. Ni tarehe thelathini Novemba, Homa Bay. Tuko wanne tutakaowekewa mikono tuwe makasisi, wanaume watatu na mimi. Nimekuwa shemasi miaka minne sasa, Bochaberi. Ninahubiri, ninabatiza, ninazika. Lakini mkate na divai siwezi kuvibariki, mpaka aje kasisi, na kasisi huku kwetu ziwani huja mara moja kwa miezi mitatu, barabara ikimruhusu. Mwezi wa saba Mzee Nicanor, yule mvuvi niliyekusimulia, aliniomba Ushirika siku tatu mfululizo. Mkate ulikuwepo. Divai ilikuwepo. Mikono ninayo. Nikamshika mkono tu nikamwimbia, akafa Ijumaa, na kasisi akafika Jumapili. Tangu siku ile moyo wangu hautulii. Nafagia kanisa mara mbili kwa siku na bado naona vumbi.

Sasa sikiliza. Kuna fomu ya ushuhuda inayotoka kanisa la nyumbani, na kwa kuwa nimeolewa kwenu, nyumbani kwangu ni Rongo. Lazima wazee wa kanisa wawili watie sahihi. Mzee Maranga alitia siku ileile. Baba yenu anayo tangu Agosti, na hajatia. Isipofika kwa Askofu kabla ya tarehe thelathini na moja Oktoba, jina langu linaondolewa. Askofu anastaafu Januari, na ajaye hatumjui kama atataka wanawake madhabahuni au atatuambia tupike chai.

Motari nimemuuliza. Kaka yako yuko Busia na lori lake, na unajua jibu lake: "Hayo ni yenu na Baba." Basi nakuuliza wewe. Baba ana nini na mimi?

Wifi yako mwenye haraka,
Leonida


Rongo
Alhamisi, 25 Septemba 2025

Wifi Leonida,

Marion amenisimamia hapa kama askari na beseni lake tupu, eti gari linamwacha, kwa hiyo mwandiko ukiwa mbaya mlaumu yeye.

Kwanza, nimesikia kuhusu simu yangu. Nitajirekebisha. Pili, usinitumie tena barua yenye harufu ya omena, watu wanadhani nimepata mchumba wa ziwani.

Sasa ya Baba. Sikufichi. Wazee wa kanisa walikutana wiki jana na jina lako likatajwa. Baba alisimama akasema maneno sita tu: "Mimi siwezi kuandika jina langu hapo." Akaketi. Mzee Masese akapiga meza, akamwonyesha Baba kwa kidole na kusema, "Mnaona! Omwenga amelinda madhabahu!" Na wengine wakapiga makofi, Leonida, kanisani kabisa. Baba hakucheka wala hakuwapungia mkono. Alitoka akaenda kukagua mabati ya choo, ambayo hayana shida yoyote.

Nyumbani hasemi. Tangu Mama afariki amekuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hizi hata yale machache ameyafungia. Mimi ni binti yake, kuna mambo siwezi kumuuliza usoni, unajua desturi yetu sisi Wagusii. Nilijaribu kuzunguka. Nikasema, "Baba, makasisi wanawake siku hizi ni wengi." Akasema, "Na mbu pia."

Ushauri wangu: mwandikie mwenyewe. Usimpigie simu, hataishika. Karatasi haina uso, ataisoma bila kuinamisha kichwa. Lakini andika polepole, wifi. Ulimi wako, kama niujuavyo, una miguu.

Wako,
Bochaberi wa ndizi


Kisegi
Jumatatu, 29 Septemba 2025

Kwa Baba yangu mheshimiwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mjukuu wako Nyasuguta hajambo, amekuwa wa nne darasani na anasema ni walimu waliomwonea.

Baba, nakuandikia kwa sababu ya fomu. Nimeandika barua hii mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na adabu sana mpaka haikusema kitu. Ya pili niliichoma jikoni. Hii ya tatu naomba uivumilie.

Kama ni kwa sababu mimi ni mwanamke, niambie. Nina majibu. Asubuhi ile ya kaburi tupu la Bwana wanaume walikuwa wamejifungia ndani, na habari ikaletwa na mwanamke, na hakuna aliyemwambia arudi akatafute mwanamume wa kuileta upya. Kama ni kwa sababu mimi ni Mjaluo, mkwe aliyetoka kwa watu wa samaki, niambie pia. Hilo sina jibu lake, lakini angalau nitajua. Kama ni kosa nililofanya, niambie kosa. Ninachoshindwa kubeba ni kimya.

Hapa Kisegi watu wananiuliza kila siku kama tarehe ni ileile. Mama mmoja ameshona kitambaa cha Meza ya Bwana, ameweka samaki wawili kwenye pembe, mmoja anacheka. Nitawaambia nini? Kwamba mzee wa nyumba yangu mwenyewe hakuniona nafaa?

Miaka kumi na tatu nimekuwa mke wa mwanao. Sikuwahi kukuomba kitu. Sasa naomba sahihi.

Ni mimi mkamwana wako,
Leonida


Rongo
Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Mama Nyasuguta,

Salamu katika Bwana.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeketi.

Sina neno na wanawake. Sala ya Bwana nilifundishwa na mama yangu, wala si kasisi. Sina neno na watu wa ziwani. Ningekuwa nalo ningelisema mwaka ule Motari alipokuleta, na ng'ombe hawangetoka zizini. Biblia usinifundishe, nimeisoma kabla hujazaliwa.

Nimesikia kwamba kasisi mpya huongoza Meza yake ya kwanza katika kanisa la nyumbani, na wazee wa kanisa hupiga magoti mbele. Mwombe Askofu akuondolee hiyo. Mwambie usiongoze Rongo, siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Akikubali kwa maandishi, nitatia sahihi siku hiyohiyo.

Sababu siwezi kuiandika, na wewe usiiulize.

Msalimu mtoto. Wa nne ni vizuri. Walimu hawakumwonea.

Baba Motari


Kisegi
Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Bochaberi,

Nimepata jibu la baba yako na nimezunguka ua wa kanisa mpaka mbwa wa jirani amechoka kunibwekea.

Anataka niwe kasisi kila mahali isipokuwa nyumbani! Niombe kwa maandishi! Nimwambie Askofu, tafadhali Baba Askofu, kwetu wananionea haya, nifiche huko kwa wavuvi. Yaani ataniruhusu niwe kasisi mradi asinione. Masese akinipinga najua ni Masese. Lakini huyu ni mtu aliyenifundisha kutumia jembe la kwenu lenye mpini mfupi, alisimama mbali kule akaelekeza kwa fimbo hadi nikaweza. Nilimpenda, wifi. Ndiyo maana inauma.

Na sasa nitakwambia kitu ambacho sikukwambia. Mwezi wa nane, ile wiki ulikuwa umekwenda Kisii kununua ndizi, nilipita Rongo nikasikia Baba ana homa. Sikutaka kukaa sebuleni kama mgeni. Mimi ni shemasi, kutembelea wagonjwa ndiyo kazi yangu. Nilivaa kola yangu ya ushemasi, nikachukua mafuta na Biblia, nikaingia chumbani kwake, nikaketi kwenye ukingo wa kitanda nikamwombea. Nikampaka mafuta kwenye paji la uso. Unajua alifanya nini? Alivuta blanketi mpaka machoni akageukia ukutani. Hata "Amina" hakusema. Nilimaliza Zaburi peke yangu kama mtu anayehubiria kabati.

Basi hapo ndipo nilipojua, ila nilikataa kujua. Hawezi kupokea sala kutoka kinywa cha mwanamke. Mengine yote ni maneno.

Sitamwomba Askofu upuuzi huo. Na siku zinakwisha.

Leonida


Rongo
Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Leonida! Leonida! Uliingia WAPI?

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama sokoni na mteja amenishika mkono akidhani kuna msiba. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umejikwaa mwili mzima, kuanzia kola kushuka chini.

Nisikilize, na safari hii usikimbie mbele yangu. Ulipoolewa tulikwambia kuhusu ensoni, ile haya kati ya mkwe na mkamwana, lakini tulikwambia kwa juu juu, kwa sababu ulikuwa Mjaluo na tuliogopa utatuona washamba. Tulikwambia usimpe Baba mkono, usile naye meza moja. Ukashika hayo, tukasema basi, anajua. Hatukukwambia la chumbani kwa sababu hakuna mtu kwetu anayehitaji kuambiwa. Chumba cha baba mkwe hakikanyagwi na mke wa mwanawe. Hata nyumba ikishika moto, utamwita kutoka nje. Kitanda chake hukioni. Na kumgusa uso! Mimi ni mtoto wake wa kuzaa na sijawahi kumgusa uso.

Hakukataa sala yako. Alikuwa anakufa kwa aibu, kwa niaba yake na kwa niaba yako pia.

Sasa mengine yananiingia akilini. Tangu Agosti Baba halali chumbani. Analala kwenye kiti sebuleni, miguu juu ya stuli. Alituambia godoro lina mabonde, tukamnunulia jipya. Liko ndani ya nailoni yake hadi leo. Na kule mbele kwenye Ushirika haendi. Nilidhani ni magoti.

Jana nilimuuliza. Nilimpa mgongo, nikawa namenya ndizi, ili asinione nami nisimwone. Nikasema najua ya chumbani. Nikamenya ndizi tisa nzima. Kisha akasema, "Siku ya Meza yake ya kwanza, mimi ndiye wa kwanza kupiga magoti. Nitapiga magoti mbele ya mke wa mwanangu nifungue mikono na kinywa anilishe. Nikienda, nimevunja heshima ya baba zangu mbele ya watu wote. Nisipokwenda, nimemkataa Bwana mbele ya watu haohao. Afadhali asije." Akasema tena, "Usimwambie. Ataona haya." Ndiyo hiyo nakwambia.

Na jingine alilokataza: daktari anasema moyo wake umepanuka. Miguu imevimba. Kulala kwenye kiti hakumsaidii.

Sijui nikushauri nini. Ndizi hizi hazina jibu.

Bochaberi


Kisegi
Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Baba,

Nimeambiwa. Usimkasirikie aliyeniambia.

Nilidhani kola imenivua ukamwana. Nilidhani nikiivaa naingia popote, kama daktari. Hakuna aliyenituma. Sikuuliza mtu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwa mtu wa maana kitandani kwa mgonjwa, baada ya kushindwa kwa mgonjwa mwingine huku. Nikakutoa kwenye kitanda chako mwenyewe, wewe mgonjwa, halafu nikakuandikia barua ya kukugombeza. Naona aibu mpaka masikioni.

Nisamehe, Baba. Rudi ukalale chumbani. Kama kuna mbuzi wa kuchinjwa ili chumba kiwe safi, nitamleta mimi, hata kama Askofu atanuna.

Na fomu usiitie sahihi. Nimefikiri siku mbili. Nitabaki shemasi. Kazi ya shemasi ni nyingi na inatosha mtu mmoja. Siwezi kuwekewa mikono juu ya aibu yako. Kama bei yake ni wewe kuonekana umemkataa Bwana katika kanisa ulilolijenga, basi ni ghali, na hainihusu mimi kukulipisha. Nitawaambia watu wa hapa kwamba karatasi zilichelewa. Watanielewa, wamezoea vitu kuchelewa.

Sikudanganyi kwamba ninafurahi. Nimelia leo na nitalia kesho. Lakini nimekata shauri.

Mkamwana wako aliyekosea,
Leonida


Rongo
Jumatatu, 27 Oktoba 2025

Mama Nyasuguta,

Nani amekwambia uache?

Fomu imo ndani ya bahasha hii. Nimetia sahihi kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, wasiseme haisomeki. Sharti lile nimeliondoa. Mzee Maranga ameiona. Usimpe mwenye omena aipeleke, ipeleke kwa Askofu wewe mwenyewe kabla ya Ijumaa.

Mbuzi acha. Uliingia bila kujua, na asiyejua huelekezwa. Sisi tulioshindwa kukuelekeza ndio tungechinja, na mimi nina mbuzi mmoja tu na ana mimba.

Nimekaa na barua yako. Nilikuwa naipima aibu yangu peke yake kwenye mizani, nikaona ni nzito. Bochaberi akanisimulia habari za huyo Nicanor aliyekufa akisubiri mkate. Hukuniandikia hiyo. Ungeniandikia hiyo badala ya kunifundisha habari za kaburi. Nimeona si haki watu wa ziwani wakae miezi mitatu bila mkate kwa sababu ya chumba changu cha kulala.

Desturi yetu sitaivunja. Sikuitunga mimi, na si yangu kuitupa. Kwa hiyo tutafanya hivi. Njoo Rongo uongoze Meza yako ya kwanza kama makasisi wengine. Siku hiyo mimi nitasali Awendo. Nitasema nina mgonjwa huko wa kumwona. Ni uongo, lakini mdogo, na nitautubu hukohuko.

Homa Bay sitakuja. Miguu. Utakapopiga magoti mbele ya Askofu, ujue nimekuombea nikiwa kwenye kiti.

Baba Motari


Rongo
Alhamisi, 8 Januari 2026

Kasisi Leonida, wifi yangu,

Naandika "Kasisi" kisha natazama nyuma nione nani ameitwa.

Ulituacha haraka baada ya Meza yako ya kwanza hapa Desemba, ukakimbilia watu wako, sikupata nafasi. Watu bado wanaongea. Mama wa kwaya anasema ulipoinua mkate alisahau wimbo. Mzee Masese hakupokea. Aliketi na kukunja mikono, akatazama kiti kitupu cha Baba akitikisa kichwa kana kwamba wamekubaliana.

Hilo ndilo lililomuumiza Baba. Alirudi kutoka Awendo jioni ile na uso mweusi. Kumbe habari zilimtangulia. Wazee wawili wa kule, asiowajua kabisa, walimpa mkono nje ya kanisa wakampongeza. "Umefanya vizuri, mzee. Hatuwezi kulishwa na wanawake." Na Jumapili iliyofuata hapa Rongo, Masese akamwambia mbele za watu, "Sisi wawili ndio tumebaki." Baba aliniambia mimi jikoni, nimempa mgongo: "Wamenifanya shujaa wa vita ambavyo sikupigana."

Tangu hapo hakula vizuri. Juzi pumzi ikamkatika akitoka chooni, na daktari wa hapa akatuelekeza Homa Bay. Amelazwa tangu jana. Kaka yangu wa lori, yaani mume wako, ndiye aliyempeleka, kwa mara ya kwanza amefaa.

Amenikataza kukwambia uje. Anasema barabara ya kwenu ni mbaya na una watu. Mimi nakwambia tu yuko wapi. Yaliyobaki, fanya unavyojua, lakini kwa jina la Mungu safari hii uliza kwanza kabla ya kuingia.

Bochaberi


Kisegi
Jumapili, 11 Januari 2026

Baba,

Nasikia umelazwa. Bochaberi hakunituma na hakuniita, amenipa habari tu, na habari si kosa.

Nimefunga begi mara mbili na kulifungua mara mbili. Kila kitu ndani yangu kinasema nenda, na kila kitu kinasema ulikwenda mara moja na uliona yaliyotokea. Sitakuja mpaka useme. Sitatuma mtu akuchungulie. Lakini ujue kwamba kila gari linalopita hapa kwenda Homa Bay nalisindikiza kwa macho hadi kona.

Kama unahitaji Ushirika, nitamwomba kasisi mwingine, mwanamume, yupo aliyewekewa mikono pamoja nami. Ni mtu mpole. Sitaona vibaya. Nasema hivyo, na ninajitahidi iwe kweli.

Niambie unachotaka, Baba, nami nitafanya hicho tu.

Leonida


Homa Bay, hospitalini
Jumamosi, 17 Januari 2026

Mama Nyasuguta,

Mkono hautulii, soma polepole.

Daktari ni kijana, anaongea na mimi kwa sauti kubwa kana kwamba moyo uko masikioni. Ameniambia nipange mambo yangu. Nimepanga. Shamba liko sawa. Limebaki moja.

Yule kasisi mpole unayemsema alikuja Jumatano. Kumbe huzunguka wadi. Alinikuta nimelala, akaniuliza kama nitapokea. Alikuwa na mkate mkononi. Nami nina njaa yake tangu Agosti, kwa maana hata Awendo sikuthubutu kwenda mbele na uongo wangu. Nilifungua kinywa nimjibu ndiyo. Nikawakumbuka wale wazee wa Awendo walivyonishika mkono. Nikamwambia, "Asante, mwanangu. Mimi ninaye kasisi wangu. Yuko Kisegi." Akainama akaenda. Nilishangaa mwenyewe niliyosema, lakini nilipoyasema pumzi ilikuja vizuri.

Sasa nimelifikiria jambo hili, kwa kuwa hapa hakuna kingine cha kufanya. Chumba changu huwezi kuingia. Hilo halijabadilika na halitabadilika. Lakini hapa si chumbani kwangu. Tuko kumi na wawili, mlango hauna kufuli, wauguzi wanaingia bila kubisha. Kitanda hiki ni cha kaunti, na kaunti haina mkamwana. Ningemuuliza mzee mwingine wa desturi kama hoja yangu inasimama, ila aliye karibu ni Masese, naye simuulizi. Nimeamua mwenyewe. Kama nimekosea, nitajieleza kwa baba zangu hivi karibuni.

Njoo Alhamisi, saa za kuona wagonjwa. Vaa nguo zako zote za kanisa, usipunguze hata moja. Njoo na Maranga awe shahidi, aende akawaambie wa Rongo na wa Awendo kwamba Omwenga alipokea, na alipokea kwa nani. Usiketi kitandani. Usiniguse. Nitatoa mikono yote miwili, uweke mkate humo.

Na jambo la mwisho. Kasisi anapompa mtu mkate humwita jina. Mke wa mwanangu hawezi kunitaja jina, halijawahi kutoka kinywani mwako na ndivyo inavyotakiwa. Lakini siku hiyo sitakuwa nimemwita mke wa mwanangu. Usiniite Baba. Baba Motari atakuwa ameachwa nyumbani Rongo. Niite nilivyobatizwa.

Job


Kisegi
Jumanne, 20 Januari 2026

Kwa Job,

Nimelitamka mara saba jikoni kabla ya kuliandika. Mara sita za kwanza nilitazama mlangoni nikidhani kuna mtu atanikemea.

Nitakuwa hapo Alhamisi saa saba, na Mzee Maranga. Mkate nitaubariki mbele yako mwenyewe, uyasikie maneno yote.

Kasisi wako,
Leonida